Diski ya almasi inagoma kukata zege? Soma hii kabla hujaenda kumfokea muuza duka

Iko hivi. Kazi yangu ya kwanza ya kukata zege Mwanza nilibeba diski yangu ile ile niliyokuwa naiamini, inchi tisa, ilishanipitisha kazi mbili Dar, moja ilikuwa kufungua nafasi ya mlango kwenye nyumba ya zamani pale Upanga, inaingia kama kisu kwenye muhogo wa kuchemsha. Nafika Mwanza naigusisha kwenye zege, dakika mbili za kwanza poa, ya tatu inaanza kulia, ya tano inatoa cheche tu na moshi na hata nondo sijaifikia. Nikakandamiza, na hapo ndo nikaiua kabisa, chuma kikageuka bluu. Nikarudi Dar nimejaa hasira kwamba nimepigwa, nimeuziwa feki, nikaenda moja kwa moja kwa jamaa aliyeniuzia nikaanza kumwaga maneno mbele ya wateja wake. Bahati nzuri alikuwepo mzee mmoja fundi terazo, akaichukua ile diski, akapitisha dole gumba kwenye meno, akacheka, akaniuliza kitu kimoja tu: "Mwanangu, huko ulikuwa unakata kokoto gani?"

Sikujua. Nilijua nakata zege, basi.

Ile diski haikuwa feki, ilikuwa diski nzuri tu ya zege la aina nyingine. Na nikikuambia ukweli diski nyingi tunazozitupa na kuziita kimeo ndo ziko hivyo. Kwahiyo hapa naelezea jinsi ya kuchagua, hatua kwa hatua, kwa fundi wa grainda na hata kwa anayetumia ile mashine kubwa ya kusukuma ya kukatia barabara.

Kwanza elewa inakataje

Diski ya almasi haikati, inasaga. Mashine ikiwa imezimwa na waya umechomolewa pitisha kidole kwenye meno, haikukati, unasikia mparuzo kama wa msasa. Ule mparuzo ni punje za almasi, ndogo kama chembe za chumvi, zimechanganywa na unga wa chuma, kobalti, shaba au tungsteni vikashindiliwa na kuchomwa mpaka vikawa jino moja. Almasi zenyewe ni za kiwandani, usidhani umeshika mali ya mgodi wa Mwadui, tangu General Electric ya Marekani itangaze mwaka 1955 kwamba imeweza kutengeneza almasi, viwanda vya diski vilipata punje za kutosha na ndo maana leo mimi na wewe tunaweza kununua.

Sasa ule unga wa chuma unaoshika almasi ndo unaitwa bondi, na bondi ndo kila kitu. Almasi ikisaga zege inachoka, inapasuka, inakuwa butu. Hapo inatakiwa ing'oke ipishe nyingine iliyo ndani yake. Itang'okaje? Bondi inayoishika lazima iliwe na lile zege. Zege linasugua bondi, bondi inapungua, almasi mpya inachungulia, kazi inaendelea. Diski inajinoa yenyewe wakati inakata, kama bondi imeendana na kitu unachokata.

Ndo inakuja kanuni ambayo ukiisikia mara ya kwanza unaona kama imegeuzwa:

Zege gumu, bondi laini. Zege laini linalosugua, bondi ngumu.

Fikiria kidogo. Kokoto ngumu ya granaiti inabutusha almasi haraka lakini vumbi lake ni laini, haliikwangui bondi sana, kwahiyo unataka bondi laini inayoachia almasi butu mapema. Ukiweka bondi ngumu pale, almasi butu zinang'ang'ania, juu panakuwa laini kama kioo, unabaki unasugua chuma kwenye jiwe, cheche na moshi, yale ya kwangu Mwanza. Kinyume chake, zege bichi, tofali la bloku, lami, hivi havibutushi almasi lakini mchanga wake unakwangua bondi kama msasa, ukiweka bondi laini almasi zinadondoka zikiwa bado nzima na diski inaisha kama sabuni ya kipande.

Ukishaielewa hiyo mengine yote ni kuulizia maswali sahihi.

Hatua ya 1: Jua kokoto

Kwenye zege kokoto ndo imechukua nafasi kubwa kuliko kitu kingine, kwahiyo muda mwingi diski inapambana na jiwe wala sio saruji. Watu saiti wanaulizana gredi, yaani nguvu ya zege, hili ni 25 au 30, sawa uliza, lakini mimi zege la gredi 30 la kokoto za chokaa nalikata kirahisi kuliko gredi 20 la granaiti.

Kokoto za Kunduchi, hapa Dar, ni mawe ya chokaa ya matumbawe, na Zanzibar na Mombasa huko majengo kibao ya zamani ni mawe ya familia hiyo hiyo. Hizo ni laini. Kokoto za Lugoba, njia ile ya Chalinze, ni mwamba mgumu, na magorofa mengi mapya ya Dar yamemwagwa kwa hizo, kwahiyo usiseme "niko Dar zege ni laini", nyumba ya zamani ya Upanga na gorofa jipya la mtaa wa pili yake ni vitu viwili tofauti. Mwanza ni granaiti, mji wenyewe umekaa juu ya mawe. Arusha na Nairobi ni mawe ya volkano, nayo magumu.

Hujui limemwagwa na kokoto gani? Tafuta pembe iliyomeguka, ponda kidogo na nyundo mpaka kokoto ionekane sehemu safi, kisha ikwaruze na ncha ya kisu cha chuma. Kikiacha mkwaruzo wa kweli, unga mweupe unatoka, hiyo ni chokaa. Kisu kikiteleza na kuacha mstari wa kijivu unaong'aa, ule mstari ni chuma cha kisu chako kimebaki kwenye jiwe, ujue ni jiwe gumu. Kwenye kipimo cha Mohs, kile cha 1 mpaka 10, chokaa iko kama 3, kisu 5 na nusu, granaiti inacheza 6 hadi 7, almasi ndo 10. Ukitaka uhakika zaidi dondoshea siki, chokaa inatoa vipovu vidogo vidogo, granaiti inakuangalia tu.

Angalia na mchanga. Tofali za bloku za mitaani, zile za mchanga mwingi saruji ya kunusisha, zinavunjika kwa mkono lakini zinakula diski balaa. Fundi umeme mwenye kazi ya kuchana ukuta apitishe paipu ananielewa, analia diski imeisha kwenye ukuta ambao hata bisibisi inauchimba. Pale tatizo ni mchanga, anahitaji bondi ngumu.

Hatua ya 2: Zege lina umri gani

Zege la jana na zege la mwaka jana usiyakate na diski moja. Zege bichi, mchanga wake bado haujashikwa vizuri, unatoka na maji kama uji wa msasa, kwahiyo bondi ngumu. Hii inawahusu sana wanaokata mistari ya kuzuia nyufa kwenye sakafu kubwa, magodauni, yadi za maroli. Mistari ile inakatwa mapema, mara nyingi ndani ya saa 4 mpaka 12 baada ya kumalizia uso, na kwa jua letu usilale, ukichelewa mpaka kesho mchana zege limeshajipasukia linapotaka lenyewe. Ukiwahi sana nako diski inang'oa kokoto pembeni ya mstari, mdomo unakuwa umeliwa na panya. Jaribu mstari mfupi, pembe zikitoka safi endelea, zikimeguka kaa kunywa chai nusu saa ujaribu tena.

Kina cha mstari ni robo ya unene, slabu ya milimita 100 kata 25, ya 150 kata karibu 38. Na umbali kati ya mstari na mstari usizidi sana mara 30 ya unene, yaani slabu ya milimita 100 mwisho mita 3 hivi.

Kwenye zege bichi na lami kuna ugonjwa mwingine, ule uji wa mchanga unakula chuma cha diski chini ya meno, shingo inakuwa nyembamba halafu jino zima linaruka likiwa bado lina almasi tele. Diski za kazi hiyo zinakuwa na meno machache yaliyoshuka chini kuingia kwenye mwili wa diski, ndo ulinzi wa shingo. Ukiona dukani diski yenye meno mengine marefu kuliko wenzake usidhani ni kasoro.

Hatua ya 3: Kuna nondo?

Karibu kila zege lina nondo, ni kiasi tu. Diski ya zege nzuri inavumilia nondo moja moja, ukiifikia utasikia sauti imebadilika na cheche zimekuwa nyekundu na ndefu, hapo punguza mkandamizo, acha ipite taratibu. Kama kazi ni slabu yenye matabaka mawili ya nondo zimepangana karibu karibu, nunua diski iliyoandikwa ni ya zege la nondo, kwa kawaida bondi yake ni laini kidogo na punje zina nguvu zaidi. Kwenye kazi ndogo mimi nakata zege pande zote mbili za nondo, nalisafisha, kisha nabadilisha naweka diski ya chuma namalizia nondo. Inachukua muda lakini inaokoa diski ya bei.

Na hapa niseme kitu ambacho hakihusu diski. Nguzo, bimu na slabu ya gorofa usiguse nondo zake kwa sababu mwenye nyumba kasema "kata tu fundi, mimi ndo nalipa". Mlete injinia aseme. Gorofa nyingine slabu yake ina nyaya za chuma zilizovutwa kwa nguvu kubwa, ukikata waya mmoja wa vile unaweza usipate nafasi ya kusimulia.

Hatua ya 4: Mashine yako

Hapa ndo watu wanaumia, naomba usiruke.

Kila diski imeandikwa kasi yake ya mwisho, MAX RPM, yaani mizunguko kwa dakika. Na mashine nayo imeandikwa kwenye kibati chake. Namba ya mashine isizidi ya diski, full stop. Kawaida diski ya milimita 115 inaandikwa kama 13,300, ya 125 inaandikwa 12,200 au zaidi kidogo, ya 230 inaandikwa 6,600. Unaona inavyoshuka? Kwa sababu kinachoumiza ni kasi ya ukingo, na zote hizo ukipiga hesabu zinakuja mita 80 kwa sekunde, ambayo ni karibu kilomita 288 kwa saa.

Sasa njoo kwa ule mchezo wetu wa saiti. Grainda ndogo, gadi (kile kikinga cha diski) imetolewa, imefungwa diski ya inchi tisa "ili ifike chini". Grainda ndogo inazunguka 11,000. Diski ya milimita 230 kwa mizunguko 11,000 ukingo wake unaenda mita 132 kwa sekunde, ni kilomita 475 kwa saa, na wewe umekaa nayo usawa wa tumbo. Jino likichomoka kwa kasi hiyo kofia na miwani ni mapambo. Nimeona dogo mmoja amebaki na alama kuanzia kidevuni mpaka sikioni na wenzake wanasema ana bahati, na ni kweli alikuwa na bahati.

Unataka kina? Chukua mashine ya kina hicho. Diski ya 115 inakupa kama milimita 28, ya 125 kama 30 na kitu, ya 230 inafika 60 hadi 65, ya 350 kwenye mashine ya petroli inafika kama 120. Slabu ya milimita 150 huimalizi kwa mkono upande mmoja kwa diski ya 350, ama ukate juu na chini ama utafute mashine ya kusukuma yenye diski kubwa zaidi.

Tundu la katikati. Grainda za 115, 125 na 230 tundu ni milimita 22.23. Zile za inchi nne nyingi ni 16. Mashine ya kukatia marumaru ya 110 mara nyingi ni 20. Mashine kubwa za 350 ni 25.4 au 20, pima kabla hujatoka nyumbani. Kama tundu la diski ni kubwa tumia pete yake maalumu ya kupunguzia, sio kipande cha kopo la maziwa umekizungusha, diski ikikaa nje ya katikati hata nusu milimita inagonga gonga, inaliwa upande mmoja inakuwa yai.

Kingine ambacho wengi hawakijui, nguvu ya mota inabadilisha diski unayohitaji. Mashine kubwa yenye nguvu inaisukuma almasi kwenye zege kwa presha, inaweza kubeba bondi ngumu. Grainda ya wati 750 haina presha hiyo, ukiipa bondi ngumu inateleza tu, kwahiyo mashine ndogo chagua bondi laini zaidi ya ile unayosoma kwenye majedwali ya kiwanda. Na umeme wa saiti zetu unaujua, ekstensheni ya mita 50 ya waya mwembamba, mwisho wake kuna winchi na mashine ya kuchanganyia zege vinagombania, grainda inazunguka kinyonge. Kasi ikishuka diski inajifanya laini kuliko ilivyo, inaisha haraka, halafu unalaumu kiwanda.

Hatua ya 5: Kavu au maji

Meno yanashikishwa kwenye diski kwa njia kuu tatu: kuchomelewa kwa leza, kuunganishwa kwa madini ya fedha kama ya kulehemu shaba, na kushindiliwa pamoja na diski na kuchomwa kwenye tanuri. Ya leza inavumilia joto, ndo ya kukatia kavu. Ya madini ya fedha ni ya maji tu, ukiikausha joto linayeyusha kiungo na jino linaondoka, na nimeshakuambia linaondoka kwa kilomita ngapi. Angalia maandishi, DRY ni kavu, WET ni maji, vikiwepo vyote viwili una uhuru. Ikiandikwa WET peke yake usijidanganye eti utakuwa unapumzisha pumzisha.

Maji ni mazuri, yanapoza, yanaongeza maisha ya diski, yanaua vumbi. Lakini usimwagie maji grainda ya umeme ya kawaida. Naona watu wanafanya, mmoja anakata, dogo anamwaga kwa chupa ya maji iliyotobolewa kifuniko, na ekstensheni imelala kwenye dimbwi hilo hilo. Hiyo ni kujiitia shoti. Maji ni kwa mashine ya petroli yenye bomba lake au mashine ya umeme iliyotengenezwa kwa maji na inayopita kwenye swichi ya kukata shoti. Kwa ile ya petroli ya mkononi kiasi cha nusu lita kwa dakika kinatosha kulaza vumbi, mashine kubwa za kusukuma zinataka maji mengi zaidi, pande zote mbili za diski.

Ukikata kavu, vaa maski ya maana, ya vumbi laini, FFP3 au angalau N95, sio kitambaa wala ile ya buluu ya hospitali. Vumbi la zege lina silika, linaingia ndani kabisa ya mapafu linatengeneza makovu ambayo hayaponi, na huyaoni leo, unayaona baada ya miaka unaposhindwa kupanda ngazi za gorofa ulilolijenga.

Hatua ya 6: Mdomo wa diski

Hii fupi. Meno yaliyoachana kwa nafasi ni ya zege, ile nafasi inapitisha hewa na kutoa vumbi, inakata haraka ila pembe zinakuwa na makwaruzo. Turbo, ule mdomo wenye mawimbi mawimbi, iko katikati, haraka kiasi na safi kiasi, nzuri kwa paving, tofali, vigae vinene. Mdomo mzima usio na mapengo ni wa marumaru na vigae, na maji, ukiupeleka kwenye zege unapata joto na huzuni.

Hatua ya 7: Dukani

Ukifika Kariakoo usianze na "nipe diski ya zege". Anza na orodha yako: kokoto gani, zege bichi au lililokomaa, nondo, mashine gani na mizunguko mingapi, unakata kavu au kwa maji. Muuzaji anayejua kazi atakuuliza yeye kabla hujamaliza. Anayekuambia "hii inakata kila kitu bosi" inaweza kuwa kweli, zipo za matumizi ya jumla na kwa fundi wa kazi mchanganyiko zinafaa, ila kinachokata kila kitu hakikati kimoja kwa ubingwa.

Rangi isikudanganye. Kila kiwanda kina rangi zake, nyekundu ya huyu ni ya lami, ya yule ni ya granaiti. Soma maandishi. Tafuta namba EN 13236, ni kiwango cha usalama cha Ulaya cha diski za almasi. Namba hiyo nayo inaghushiwa kwahiyo tumia na macho: maandishi yamechapwa safi, MAX RPM ipo, kipenyo na tundu vipo, mshale wa mzunguko upo. Isiyo na MAX RPM iache mezani hata kwa bei ya pipi.

Kisha pima urefu wa jino, kutoka juu mpaka linaposhikana na diski. Kuna za milimita 7, 10, 12. Hapo ndo ulipo uhai wa diski, ingawa jino refu lenye almasi chache sio mali. Shika diski kwa kidole kupitia tundu, igonge taratibu na mpini wa bisibisi, ilie wazi. Ikitoa sauti ya kufa kama sufuria lenye ufa, ina ufa. Iangalie kwa ubavu ukifumba jicho moja, iwe imenyooka.

Bei piga kwa mita, sio kwa diski. Chukulia diski ya elfu 20 imekukatia mita 25 na ya elfu 70 imekukatia mita 140. Ya kwanza ni shilingi 800 kwa mita, ya pili 500, na hujahesabu muda wala mafuta. Lakini kama kazi yako yote ni kukata mita 6 za kupitisha bomba la jikoni halafu diski inaenda kulala stoo, chukua ya elfu 20, usijitese. Mimi nina kadaftari naandika diski gani, zege gani, mita ngapi, miaka michache tu na sasa hivi bei za kazi natoa bila kubahatisha.

Hatua ya 8: Kufunga na kukata

Mshale wa diski ufuate mzunguko wa mashine. Ukiwa na diski iliyotumika na mshale umefutika, angalia punje za almasi kwa karibu, kila moja ina kamkia ka chuma nyuma yake, mkia ni nyuma, kichwa ndo mbele, ifunge upande ule ule. Safisha zile washa (flenji) mbili zinazobana diski, kaza nati, gadi irudi mahali pake. Iache izunguke hewani kama dakika moja ukiwa umesimama pembeni, sio mbele yake. Ikitetemeka zima.

Usizamishe yote kwa mara moja. Mpito wa kwanza milimita 10 mpaka 20 unyooke vizuri, halafu unaongeza. Uzito wa mashine wenyewe unatosha, kukandamiza hakuongezi kasi, kunaongeza joto. Ukikata kavu, kila sekunde 30 hadi 60 itoe nje izunguke hewani sekunde 10 au 15 ipoe. Usikunje kona, diski ya almasi inajua mstari mnyoofu tu, ukiipinda ndani ya mfereji ama inapasuka ama grainda inakurudia kifuani.

Diski ikianza kulalamika

Imekuwa laini, inang'aa, inatoa cheche na nondo haipo: imeziba, bondi ni ngumu kwa zege hilo. Usiitupe. Chukua tofali la bloku la mchanga mwingi, lile baya kabisa, kata mara tano sita kwa kina kidogo, lile tofali litaikwangua bondi na almasi zitachungulia tena. Ndo alichonionyesha yule mzee terazo, alikata tofali lililokuwa nyuma ya duka, diski ikarudi na mparuzo wake, ila kwa kuwa nilishaichoma mpaka bluu akaniambia nisiiamini tena kwenye kasi. Ikiziba tena na tena kwenye kazi hiyo hiyo, nunua ya bondi laini zaidi.

Inaisha haraka huku inakata vizuri sana: bondi ni laini mno, au kasi imeshuka, rudi kwenye ekstensheni yako.

Imekuwa bluu: joto, umekandamiza au maji hayafiki. Nyufa kati ya meno: mara nyingi bondi ni ngumu mno au umeipinda. Imeliwa upande: haikukaa sawa au beringi ya mashine imekwisha. Jino moja halipo: hiyo imekufa, ivunje kabisa kabla ya kuitupa maana ukiiacha nzima jioni utaikuta imefungwa kwenye grainda ya mtu mwingine.

Na ile iliyobakiza milimita moja ya jino usiipeleke kwenye zege. Mpe fundi umeme achanie plasta, kwa gadi yake, na umwambie ikifika kwenye chuma aache.